Kitabu Chema Hakijiuzi

Wahenga walituachia neno lisemalo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni neno zuri, na sokoni lina kweli yake mpaka leo. Embe lililoiva halihitaji mpiga debe. Harufu yake yatosha kumsimamisha mpita njia, na mnunuzi akilishika mkononi hujua analipia nini. Lakini wako ndugu zetu wengi, waandishi wa vitabu, waliolichukua neno hili la sokoni wakalipeleka mahali lisipofaa. Wameandika kwa jasho lao, wamechapisha kwa akiba yao, kisha wameketi barazani kungoja chema kijiuze. Nacho hakijiuzi.

Kitabu si embe. Kitabu kilichofungwa ndani ya boksi huko Mbeya hakina harufu iwezayo kufika Tanga. Hata mtu akikiona dukani, haoni ila jalada. Utamu wake umo ndani, na hautoki nje mpaka mtu amwambie mwenziwe kwamba upo. Taa iliyofunikwa kwa pishi haimwongozi msafiri, hata ikiwa imejaa mafuta tele.

Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: taarifa ambayo mwandishi huipeleka kwenye magazeti na redio ili kutangaza kitabu chake. Ni karatasi moja tu. Lakini tumeona kwa macho yetu vitabu vyema vikifa kwa sababu ya karatasi hiyo moja kuandikwa vibaya, na wakati mwingine kwa sababu ya sisi wahariri kutoisoma. Pande zote mbili zina la kujibu, na hapa tutasema juu ya zote mbili.

MWANDISHI PEKE YAKE

Mwandishi ambaye kitabu chake kimechukuliwa na kampuni ya uchapishaji huwa na watu wa kumtangazia. Yupo wa kuandika taarifa, yupo wa kuipeleka, na yupo wa kupiga simu kuuliza kama imefika. Mwandishi anayejichapishia hana hao. Yeye ndiye mtunzi, ndiye karani, ndiye tarishi, na mara nyingi ndiye mpagazi wa maboksi pia.

Wala tusidhani kwamba mwandishi wa namna hii ni mtu aliyeshindwa kukubaliwa kwingine. Katika nchi yetu kujichapishia kuna historia yenye heshima. Marehemu Ben Mtobwa, ambaye riwaya zake zilisomwa mabweni kwa mabweni, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Heko, akatoa vitabu vyake na vya wenziwe. Leo wanaofuata njia hiyo ni wengi kuliko zamani: walimu, wauguzi, wakulima, wastaafu, vijana waliotoka vyuoni. Mtambo wa kuchapa umekuwa karibu, na mtu mwenye akiba kidogo aweza kutoa nakala mia mbili au mia tatu. Kilichobaki kuwa mbali ni msomaji.

Tena tusisahau kwamba hata mwandishi mkubwa aweza kuwa mgeni nyumbani kwao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Alipotunukiwa nishani ya Nobel ya fasihi mwezi Oktoba mwaka 2021, watu wengi hapa nchini ndiyo kwanza wakaanza kuuliza vitabu vyake vyapatikana wapi. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake moja, iitwayo Peponi, ilitoka mwaka 2022. Ikiwa habari za mtu kama huyo zilichelewa kutufikia kiasi hicho, atakuwaje mwalimu mstaafu wa Songea mwenye maboksi matatu chini ya kitanda?

KISA CHA MZEE WA RELI

Mwandishi wa makala haya ana deni ambalo yampasa kulikiri mbele ya wasomaji.

Siku moja nilihudhuria msiba huko Mbagala. Nikiwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, mzee mmoja aliyekwisha pita miaka sabini alisogeza kiti chake karibu na changu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa wewe ni mhariri wa gazeti."

"Naam, mzee, ndiye mimi."

"Basi nilikuletea taarifa ya kitabu changu mwaka jana. Nilikuja nayo mwenyewe kwa miguu tangu kituo cha basi. Hukunijibu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aelezaye hali ya mvua. Kisha akatoa katika mfuko wa plastiki kitabu chembamba, akaniwekea mapajani.

Usiku ule nilikisoma chote. Mzee huyu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa alipoajiriwa katika ujenzi wa reli ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 itokayo Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Alikuwa katika kipande cha Mlimba hadi Makambako, mahali penye milima, mabonde na matope, ambapo wajenzi walipaona pagumu kuliko pote. Kila jioni kambini aliandika katika daftari yaliyotokea mchana: walichokula, mvua iliyonyesha, maneno ya Kichina waliyojifunza, mwenzao aliyeangukiwa na udongo. Na mwishoni mwa kitabu ameweka majina ya wenzake 61, kila mmoja na kijiji alikotoka.

Asubuhi nilikwenda kuitafuta taarifa yake katika makabati yetu. Nikaipata. Ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulianza kwa maneno "Kwa furaha kubwa isiyo na kifani", ukaendelea kumshukuru Mungu, wazazi, mke, majirani na mwenye mtambo wa kuchapa. Wa pili ulieleza shule alizosoma. Jina la kitabu lilitokea katikati ya ukurasa huo. Habari ya daftari na ya majina 61 ilikuwa katika mistari minne ya mwisho ya ukurasa wa tatu. Bei haikutajwa. Mahali pa kukinunua hapakutajwa. Na juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na alama ya kalamu yangu mwenyewe, maana yake: isitumike. Nilisoma mistari mitano nikachoka.

Mzee alikosea katika kuandika, nami nilikosea katika kusoma. Lakini aliyelipa si mimi. Fedha za kitabu kile zilitoka katika kiinua mgongo chake. Na si fedha tu. Miongoni mwa wale 61, watatu waliokuwa hai kitabu kilipochapwa walikuwa wamekwisha kufariki siku tulipokutana msibani, nao hawakupata kujua kwamba kuna mtu aliyeandika majina yao.

HABARI, SI SIFA

Tuanze na upande wa mwandishi. Kosa la mzee wetu ndilo kosa la wengi, na mzizi wake ni mmoja: alidhani kwamba taarifa kwa magazeti ni barua ya kuomba fadhila. Mtu aombaye fadhila hujieleza yeye ni nani, ametoka wapi, amehangaika kiasi gani. Lakini mhariri hana haja ya kujua nani anastahili kuhurumiwa. Mhariri ana wasomaji, na kila siku hujiuliza swali moja: je, hawa watapenda kujua jambo gani kesho asubuhi? Anayemletea jibu la swali hilo amemsaidia kazi. Anayemletea sifa za nafsi yake amemwongezea kazi.

Desturi ya kupeleka taarifa magazetini ina umri upitao miaka mia moja, na katika mwanzo wake mna funzo. Husemwa kwamba taarifa ya kwanza ya namna hii ni ile ya mwaka 1906 huko Marekani. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania iliacha njia darajani karibu na mji wa Atlantic City, ikatumbukia majini, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wenye reli siku zile walikuwa na mazoea ya kuficha ajali. Lakini Ivy Lee, mtu aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuifanyia kazi kampuni hiyo, aliwashauri kufanya kinyume. Aliandika yaliyotokea, akayagawa kwa waandishi kabla uvumi haujatangulia. Gazeti la New York Times liliichapa taarifa hiyo kama alivyoiandika.

Kwa nini gazeti kubwa kama lile lilikubali kuchapa maneno ya mtu wa kampuni? Si kwa sababu kampuni ilijisifu. Ni kwa sababu karatasi ile ilikuwa na habari ambayo wasomaji walikuwa na haja nayo, imeandikwa kama habari iandikwavyo. Hiyo ndiyo siri yote, na haijabadilika. Mwandishi wa kitabu ajiulize: ningekuwa si mimi niliyekiandika, ni jambo gani katika kitabu hiki ambalo ningelisimulia kwa jirani? Jambo hilo liwe mstari wa kwanza.

Na jambo hilo si lazima liwe kubwa. Kitabu cha mashairi kilichoandikwa na mvuvi wa Kilwa ni habari kwa sababu ya uvuvi wake. Kitabu cha mapishi ya mihogo ni habari mwaka ambao mahindi yameadimika. Hadithi ya watoto iliyoandikwa na mwalimu baada ya kukosa kitabu cha kuwasomea wanafunzi wake ni habari kwa kila mzazi. Lakini maneno "mwandishi fulani ametoa kitabu" peke yake si habari bado. Vitabu hutoka kila wiki.

TAARIFA YENYEWE

Niliporudi kwa yule mzee, tuliketi pamoja mezani kwake tukaiandika upya taarifa yake. Twaiweka hapa bila jina lake, kwa ridhaa yake, ili wengine waone tofauti:

"Mstaafu aliyeshiriki kujenga reli ya TAZARA amechapisha kitabu kinachosimulia siku kwa siku maisha ya vijana waliotoboa milima kati ya Mlimba na Makambako. Kitabu hicho kimetokana na daftari aliloandika kambini kila jioni tangu mwaka 1971 hadi 1972, na mwisho wake pana majina ya wafanyakazi wenzake 61 pamoja na vijiji vyao. Mwandishi anawaomba jamaa za watu hao wawasiliane naye, kwa kuwa amemwekea kila mmoja wao nakala moja bila malipo.

"Wengi wetu hatukuwa na picha, asema mwandishi. Niliona kwamba jina la mtu lisipoandikwa, mjukuu wake hatajua kuwa babu yake alipita pale.

"Kitabu kina kurasa 148, kinauzwa shilingi 10,000, na kinapatikana kwa mwandishi mwenyewe, Mbagala, Dar es Salaam."

Chini yake tukaweka namba ya simu, na mistari mitatu juu ya maisha yake. Basi. Yote yalitosha katika nusu ya ukurasa, na ule ukurasa wa shule alizosoma haukuhitajika.

Msomaji atazame jinsi ilivyojengwa. Aya ya kwanza yajibu maswali ambayo kila mwanafunzi wa uandishi wa habari hufundishwa: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na kwa namna gani. Mhariri mwenye nafasi ndogo aweza kuichapa aya hiyo peke yake akatupa zilizobaki, na bado msomaji akapata habari kamili. Kwa sababu hiyo la muhimu hutangulia na la ziada hufuata. Sisi wahariri hukata kuanzia mkiani. Anayeweka moyo wa habari yake mkiani, asishangae ukikatwa.

Aya ya pili ni sauti ya mtu. Hapa wengi huandika maneno ya jukwaani, kama vile "nina imani kitabu hiki kitaleta mchango mkubwa katika jamii". Maneno hayo yaweza kusemwa juu ya kitabu chochote, kwa hiyo hayasemi lolote juu ya kitabu hiki. Aseme neno ambalo yeye peke yake angeweza kulisema.

Aya ya tatu ni ya mnunuzi: jina la kitabu, kurasa, bei, mahali, na simu. Kama kitabu kina namba ya kimataifa, yaani ISBN, iandikwe, maana wenye maduka na maktaba huitumia kukitafuta. Twajua twaonekana kurudia mambo ya kitoto. Lakini taarifa zisizotaja bei wala mahali hufika mezani kwetu mara nyingi mno. Kumtangazia mtu kitabu bila kumwambia atakipata wapi ni sawa na kumkaribisha karamuni bila kumwonyesha nyumba.

WAKATI NA NJIA

Taarifa njema ikifika wakati mbaya hupotea. Ukurasa wa vitabu au wa utamaduni huandaliwa siku kadhaa kabla ya kutoka, kwa hiyo aletaye taarifa ya uzinduzi wa kesho amekwisha kuchelewa. Na anayepiga simu jioni, wakati kurasa zinafungwa, atajibiwa kwa ukali hata na mhariri mpole. Alete mapema, apige simu asubuhi, aulize mara moja kwa adabu kama imefika, kisha aache.

Ziko siku katika mwaka ambazo sisi wenyewe hutafuta habari za vitabu. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwandishi mwenye busara huleta taarifa yake wiki mbili kabla ya siku kama hizo, wakati mhariri anapojikuna kichwa akitafuta la kuandika.

Tena asipeleke taarifa moja ile ile kila mahali. Kitabu cha reli kina habari moja kwa gazeti la Dar es Salaam na nyingine kwa redio ya Njombe. Kule Makambako, orodha ya vijiji ndiyo iwe ya kwanza. Redio za wilayani husahauliwa na waandishi wengi, wakati ndizo zinazosikilizwa shambani na jikoni, na watangazaji wake huwa na njaa ya habari za mahali pao.

Kama ni kwa barua pepe, maneno yaandikwe ndani ya barua yenyewe, yasifichwe katika faili ambalo simu ya mhariri haitalifungua. Picha ya jalada na picha moja ya mwandishi zatosha, na kila picha iwe na maelezo yake. Mhariri hawezi kubahatisha kati ya watu watano walioshika kitabu ni yupi aliyekiandika.

KWELI NDIYO MTAJI

Kwa mwandishi asiye na kampuni nyuma yake, mtaji mmoja mkubwa ni kuaminiwa. Akiuharibu, hana mwingine.

Twatoa mfano wa mtu mkubwa. Mwaka 1855 Walt Whitman, mshairi wa Marekani, alijichapishia diwani yake iitwayo Leaves of Grass. Alimpelekea nakala Ralph Waldo Emerson, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa kuheshimiwa sana katika fasihi ya nchi ile, naye akamjibu kwa barua yenye sifa nyingi. Mwaka 1856 Whitman alipotoa chapa ya pili, alichukua maneno ya barua ile ya faragha akayaandika kwa herufi za dhahabu mgongoni mwa kitabu, bila kuomba ruhusa. Zaidi ya hayo, aliandika mwenyewe makala za kukisifu kitabu chake, akazitoa magazetini bila jina. Ushairi wake umeishi, nao ulistahili kuishi. Lakini hila zile nazo zimeishi, na kila asimuliaye maisha yake hana budi kuzitaja.

Basi mwandishi wetu asiandike "kitabu cha kwanza cha aina yake nchini" kama hakufanya uchunguzi. Asiseme "kinachogombewa na wasomaji" wakati kimetoka jana. Asitie maneno kinywani mwa profesa ambaye hakuyasema. Mhariri akigundua uongo mmoja mdogo katika taarifa, hutupa taarifa nzima, na jina la mwandishi hubaki kichwani mwake kwa sababu isiyo nzuri. Sifa aachiwe msomaji. Yeye alete habari.

NA SISI WAHARIRI JE?

Tumewaambia waandishi mengi. Haki yadai tuseme pia juu ya nyumba yetu wenyewe, maana nyani haoni kundule.

Kila mtu katika kazi hii ajua habari ya bahasha. Mwandishi wa habari huitwa kwenye uzinduzi, na mwisho wa shughuli hupewa bahasha iitwayo "nauli". Pasipo bahasha, habari hukawia, au haitoki kabisa. Wako wasemao kwamba hili ni jambo dogo, kwamba mishahara ni midogo na jua ni kali. Hayo ya mishahara na jua ni kweli. Lakini tutazame ni nani anayeumizwa. Mwenye hoteli hatashindwa bahasha, wala mfanyabiashara anayejiandikia kitabu cha kujisifu. Atakayeshindwa ni mzee wa reli, mkunga wa Kibondo, mwalimu wa Songea. Maana yake ni kwamba ukurasa unaopaswa kumwonyesha msomaji vitabu vilivyo bora utamwonyesha vitabu vya wenye fedha, na msomaji hatajua kwamba amedanganywa.

Tena sheria ya jambo hili si ngumu. Anayetaka nafasi kwa fedha yake, anunue tangazo, liandikwe juu yake kwamba ni tangazo. Hapo hakuna aliyedanganyika. Lakini habari haiuzwi. Nao waandishi wa vitabu wasiwe wa kwanza kuinyoosha mkononi bahasha hiyo kwa kudhani ndiyo desturi. Anayenunua habari leo, kesho atashindwa bei na mwenye mfuko mrefu zaidi.

Liko na deni jingine. Mhariri hupokea karatasi nyingi, na hakuna awezaye kuchapa zote. Lakini kuzisoma zote mpaka mwisho, hilo laweza. Laiti ningalifika kwenye ukurasa wa tatu wa ile taarifa ya mzee, ningaliiona habari yake. Ujuzi wangu wa kazi ndio uliopaswa kuyafidia mapungufu yake, maana mimi nililipwa kwa kazi hiyo, yeye hakulipwa. Si haki kumdai mstaafu wa reli aandike kama mhariri, kisha sisi wahariri tusisome kama wahariri.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili, nayo si ya gharama. La kwanza, kila gazeti la Kiswahili lenye kujiita la wananchi liwe na nafasi maalumu kila wiki, hata iwe ndogo, ya kutaja vitabu vipya bila malipo: jina, mwandishi, bei, mahali pa kukinunua, na mistari miwili ya habari yake. La pili, anayeleta taarifa ajibiwe, hata kwa neno moja la "hapana". Mtu aliyejibiwa hapana aweza kuandika upya. Aliyenyamaziwa hukata tamaa, na pengine kitabu chake cha pili hakitaandikwa.

KUJITEGEMEA SI KUJITENGA

Kisa cha mzee wa reli hakikuishia kwenye utajiri. Taarifa yake fupi ilitoka gazetini, ikasomwa na redio moja ya nyanda za juu kusini, na baadhi ya maboksi yake yakapungua. Aliniambia kuwa jambo lililomfurahisha kupita fedha ni simu aliyopigiwa na mwanamke mmoja wa huko bara, akiuliza kama lile jina la ishirini na saba katika orodha ni la baba yake. Mzee alimsomea jina la kijiji. Ndilo.

Nchi yetu imelitukuza neno kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, nasi twawasifu wanaoliishi katika kazi ya vitabu. Lakini kujitegemea si kujitenga. Mkulima ajitegemeaye hulima kwa mikono yake, kisha hupeleka mazao sokoni na kuwaambia watu ameleta nini. Mwandishi naye akimaliza kazi ya kalamu bado ana kazi ya ukurasa mmoja. Asiione kuwa ni ya aibu, wala ya kujitembeza. Anayejitembeza husema "nitazameni". Mwenye taarifa njema husema "tazameni nililowaletea".

Kibaya na kijitembeze kitakavyo. Chema nacho kipewe mtu wa kukitaja, kwa kweli na kwa ufupi, kabla waliotajwa ndani yake hawajatuacha.